Fani si Kikombe, Maudhui si Chai

Ndugu msomaji, kama ulipita sekondari ukasoma Kiswahili, somo hili unalijua hata ukiamshwa usingizini. Mwalimu anaingia, anapiga mstari katikati ya ubao. Kushoto anaandika FANI, kulia MAUDHUI. Fani: muundo, mtindo, matumizi ya lugha, wahusika, mandhari. Maudhui: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo. Halafu, ili mambo yaingie vichwani, anatoa mfano wa kikombe na chai. Fani ni kikombe, maudhui ni chai. Kikombe kinabeba, chai inanyweka. Darasa zima linaandika, kengele inalia, kila mtu anakwenda zake.

Simlaumu mwalimu. Darasa lina wanafunzi themanini na mtihani uko mlangoni. Na wapo wahakiki waliokwisha kuupinga mfano huo, wakasema fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja, hazitengani. Hilo nalo tulilikariri tukajibia mtihani. Lakini kukariri ni jambo moja, na kuacha kufikiri kwa kikombe na chai ni jambo jingine. Mimi mwaka jana niliutumia mfano ule mbele za watu, na nikaharibu.

Kikundi chetu cha waandishi chipukizi hukutana Jumamosi saa nane mchana, kila mtu na karatasi zake. Dada mmoja, mgeni kati yetu, alisoma shairi kuhusu mama yake anayeuza uji kituo cha daladala tangu alfajiri. Mistari ilikuwa mifupi, imekatika hapa na pale, mingine ina neno moja tu, kama mtu anayesema huku anahesabu chenji, anageuka kumkinga mtoto asimwagikiwe, anarudi kwenye neno lake. Vina hakuna. Basi nikanyoosha mkono, mhakiki mzima: "Dada, chai yako tamu lakini kikombe kimevunjika. Ihamishie kwenye kikombe kizima. Mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, utaona shairi linasimama." Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali.

Akaenda. Baada ya wiki mbili akarudi na beti saba, mizani sawasawa, kituo safi. Tukapiga makofi. Lakini mama hayumo! Uji umo, alfajiri imo, taabu imetajwa kwa jina lake na uvumilivu umesifiwa. Yule mwanamke mwenye mikono miwili na kazi nne ameondoka. Nililiona hilo palepale nikanyamaza. Jumamosi iliyofuata dada hakuja, na hajaja hadi leo.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta chombo cha kweli cha kuupimia mfano ule. Si kikombe cha kuchorwa ubaoni, bali chombo kilichofinyangwa au kushonwa na mtu, kikabeba kitu cha kunyweka. Nimekipata mbali sana, kwenye baridi usiyoweza kuiota. Sijakishika mkononi, nimekijua kwa vitabu na picha, na uhakiki huu upimwe kwa kulijua hilo.

CHOMBO CHENYEWE

Kaskazini-mashariki ya Siberia, ndani ya Urusi, kuna jamhuri iitwayo Sakha. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba milioni 3, yaani Tanzania tatu na ushee, lakini watu wake ni kama milioni moja tu. Mji mkuu ni Yakutsk, kando ya mto Lena, uliojengwa mwaka 1632 kama ngome ya Warusi. Januari huko kipimajoto hukaa karibu na nyuzi 40 chini ya sifuri, na ardhi chini ya nyumba haiyeyuki mwaka mzima. Warusi waliwaita wenyeji Wayakuti. Wenyewe hujiita Sakha. Lugha yao ni jamaa ya Kituruki, na riziki yao ya jadi ni farasi na ng'ombe. Naam, wafugaji, katika baridi hiyo. Wana maziwa ya ng'ombe, na wana kumisi, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, kinywaji cha heshima na cha sherehe.

Sasa bwana, maziwa yanahitaji chombo. Na mti wanaoutegemea kwa vyombo ni ule wenye gome jeupe ambao wataalamu huuita betula. Na tuuite mbetula. Gome lake Wasakha huliita tuos. Kwa gome hilo wanawake wa Kisakha walishona ndoo za kukamulia na kuhifadhia maziwa, ziitwazo yaghas (gh yao ni gh yetu, ile ya ghali). Walishona chabychakh, sahani pana isiyo na kina, ya kutandazia maziwa yapande malai. Walishona vyombo vikubwa vya kumisi na vidogo vya matunda ya porini. Hata nyumba ya kiangazi, uraha, yenye umbo la pia iliyopinduliwa, ilivikwa mapande ya gome hilo hilo yaliyoshonwa pamoja.

Sikiliza jinsi kinavyotengenezwa, maana hoja yangu yote imo humo.

Kwanza ni majira. Gome halitoki siku yoyote unayotaka. Hutoka mwanzo wa kiangazi, Juni kuingia Julai, wakati maji ya mti yanapanda kwa nguvu na gome limelegea juu ya shina. Ukienda mapema limeganda, ukichelewa limeshika tena. Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Huko mbichi yenyewe hudumu wiki chache.

Pili ni kisu. Fundi hupasua mstari wa wima, usiozama, unaokata gome la nje tu. Chini yake kuna gome la ndani, ambamo chakula cha mti hupita. Hilo haliguswi. Likiachwa salama mti unaendelea kuishi, ingawa gome litakaloota baadaye litakuwa jeusi na lenye makovu. Likizungushiwa kisu mpaka ndani, mti unakufa umesimama.

Tatu ni tabia ya gome. Gome la mbetula lina tabaka nyingi nyembamba, kama kurasa za daftari, na lina vistari vifupi vya mlalo ambavyo mti hupumulia. Likitaka kuchanika huchanika kufuata vistari hivyo. Tena likibanduliwa hujikunja kinyume: upande uliokuwa umelala juu ya mti, wenye rangi ya manjano kuelekea kahawia, unataka kuwa nje, na ule mweupe uliozoea upepo unataka kuwa ndani. Ndiyo maana vyombo vingi vya gome huonyesha nje upande ambao mti ulikuwa umeuficha. Watu huona rangi ile wakadhani ni uamuzi wa fundi peke yake. Gome nalo limepiga kura.

Nne ni moto na maji. Gome huchemshwa au hupitishwa kwenye joto likalainika, likakubali kukunjwa bila kupasuka.

Tano ni mshono. Fundi anatoboa kwa chuma chenye ncha, kama kile cha fundi viatu, na uzi wake ni nywele za farasi. Ukingo unafungwa pete ya kijiti chembamba, kwa mfano cha mwerebi, nacho kinashonewa hapo hapo. Mishono inazibwa kwa utomvu ili tone lisipite. Nywele za farasi zipo nyeusi na zipo nyeupe. Kwa hiyo mshono unaozuia chombo kisifumuke ndio huo huo unaochora nakshi. Ukizifumua nakshi hizo kwa kuwa ni "mapambo tu", utabaki umeshika kipande cha gome.

CHAI IKO WAPI?

Haya, turudi ubaoni. Tutenge: kipi hapa ni fani, kipi ni maudhui?

Utasema chombo ni fani na maziwa ni maudhui. Vizuri. Tuanze na uzi: ni nywele za farasi. Maziwa ya kumisi ni ya nani? Ya farasi. Mnyama aliyetoa kinywaji ndiye aliyetoa mshono. Tuje kwenye majira: gome hutoka Juni. Farasi majike nao huzaa majira ya kuchipua, na mwanzo wa kiangazi ndipo ukamuaji unapoanza na kumisi inapatikana kwa wingi. Na sherehe kubwa ya Wasakha, Yhyakh, ambapo kumisi hunyunyizwa kwa dua na kunywewa kwa pamoja, huangukia Juni hiyo hiyo, siku ndefu kuliko zote. Chombo, kinywaji na sala vinafika kwa mlango mmoja katika majuma yale yale.

Tuje kwenye umbo. Chabychakh imepanuka na haina kina. Kwa nini? Kwa sababu malai hupanda juu upesi zaidi maziwa yakiwa yametandazwa. Umbo lile halikubebi maziwa tu, linayafanyia kazi. Unamimina maziwa, unarudi, unakuta malai na maziwa yaliyoenguka. Kitu ulichomimina sicho unachokuta. Sasa niambie, mhakiki mwenzangu: malai ni sehemu ya fani au ya maudhui? Yametoka kwenye maziwa, lakini bila upana wa sahani yangechelewa.

Kwa hiyo tatizo la kikombe chetu cha ubaoni ni hili: ni kikombe kisichojali. Chai, kahawa, maji, dawa ya kikohozi, vyote sawa kwake. Kimetoka kiwandani kabla hajajulikana nani atakunywa nini. Tukikichukua kuwa ndiyo sura ya fani, tunajifundisha kwamba fani ipo tayari dukani na kazi ya mwandishi ni kumimina. Ndivyo nilivyomwambia yule dada: nenda dukani, kachukue kikombe kizima.

PINGAMIZI

Najua kuna msomaji ameshanyanyua mkono. "Wewe bwana, mbona Wasakha wenyewe walihama? Leo si wana ndoo za bati na plastiki? Na maziwa si yamebaki maziwa?"

Swali zuri, na sitalikwepa. Ni kweli, katika karne ya 20 vyombo vya madini na vya kiwandani viliingia, mashine za kuzungusha maziwa zikatenga malai kwa dakika, na ndoo ya gome ikapungua kazi. Wala mama wa Kisakha aliyechukua ndoo ya bati si msaliti. Ndoo ya bati inaoshwa kwa maji ya moto, haihitaji mtu kwenda msituni Juni, haihitaji mshono. Kama ningekuwa na ng'ombe kumi wa kukamua alfajiri kwenye baridi ile, ningeichukua mikono miwili. Wanaowataka watu wa mbali wabaki na vyombo vya zamani ili sisi tupate cha kusifia, wakashone wao.

Lakini angalia kilichotokea sahani pana ilipoondoka. Kazi yake haikupotea hewani. Ilibidi ifanywe na mashine. Ndoo ya bati ilipokea maziwa, haikutoa malai. Yaani walipobadili chombo ilibidi wabadili mwendo mzima wa kazi, pamoja na nani anaifanya na kwa muda gani. Kuhama kunawezekana, sikatai. Ninachokataa ni kusema kwamba ukihama hakuna kilichobadilika. Shairi la dada lingeweza kuhamia kwenye beti za mizani, na mshairi hodari angemleta mama humo. Ila lingekuwa shairi jingine, lililokamuliwa upya. Mimi nilimwambia amimine tu.

Na hapa nisieleweke vibaya, maana mgogoro wa ushairi katika Kiswahili tunaujua. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, moto uliwaka kati ya wenye vina na wasio na vina, na makaa yake bado tunayaota. Sisemi kwamba gome la mbetula linaunga mkono mashairi huru. Kinyume chake! Mshona magome ana sheria kali kuliko mhesabu mizani yeyote. Hawezi kuvuta gome dhidi ya vistari vyake. Hawezi kuchagua mwezi. Hawezi kuruka tundu moja kwenye mshono, maana maziwa yatamwumbua. Tofauti ni kwamba sheria zake zimetoka kwenye gome, kwenye maziwa na kwenye baridi. Hakuzipata zimeandikwa ukutani. Na mizani nane kwa nane nayo ilipoanza haikuwa kikombe cha dukani. Ilikuwa pumzi ya mwimbaji na masikio ya waitikiaji. Anayeijua pumzi hiyo hushona chombo kisichovuja. Anayehesabu vidole tu ameokota ganda. Na kijana anayekata mistari ovyo kwa kuwa ameona wengine wanakata, huyo naye ameokota ganda, jipya zaidi.

CHOMBO KITUPU

Mwaka 1902, mtafiti Waldemar Jochelson alikusanya vitu vya Wasakha kwa ajili ya jumba la makumbusho la historia ya asili la New York. Mwaka 1906 alichapisha makala kuhusu sherehe za kumisi na mapambo ya vyombo vya kumisi. Kichwa cha makala hayo nakipenda: sherehe na mapambo vimewekwa pamoja. Kabla yake Mpolandi Wacław Sieroszewski, aliyepelekwa uhamishoni, alikaa miaka 12 kati ya Wasakha akatoa kitabu kikubwa juu yao mwaka 1896. Tuna deni kwa watu hawa, kwani mengi yangefutika.

Hata hivyo chombo kilichokaa nyuma ya kioo kimekaa kitupu. Mtazamaji anaona mshono, haoni shinikizo la maziwa lililoufanya mshono uwe hivyo. Anasema, "Nakshi nzuri." Ndipo kinapozaliwa chombo cha tatu, cha kuuzia wageni: kimejaa nakshi, na hakuna anayekusudia kukitia tone. Sikidharau, mtu anakula kwa kazi yake. Lakini kama wahakiki tukitambue. Nacho tunacho tele kwenye kurasa zetu: hadithi zilizojaa tashibiha na methali mpaka zinang'aa, na ukizijaza maji zinavuja pande zote, kwa sababu mwandishi hakuwahi kuwa na kitu cha kubeba. Mshono wake hauzuii chochote.

Na kuna ubaguzi mwingine. Ukitafuta nembo ya Wasakha utaonyeshwa choron, kikombe cha kumisi cha mti uliochongwa, chenye miguu. Ni kizuri kweli. Ndicho kinachoinuliwa siku ya sherehe. Ndoo ya gome iliyokwenda zizini kila siku haipigwi picha sana. Mwenye kushikwa mbele ya watu huitwa sanaa, mwenye kubeba kila siku huitwa kazi ya mikono ya akina mama. Hilo tunalijua sana hata huku: utenzi ni fasihi, na maneno ya mama muuza uji ni kelele za kituoni. Ndiyo maana shairi la dada lilinishinda kusikia.

Tazama pia orodha za dunia. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza kazi bora za urithi usioshikika. Wasakha walitajwa kwa olonkho, tenzi zao ndefu za mashujaa zinazosimuliwa na kuimbwa na mtu mmoja. Katika tangazo hilo hilo majirani zetu wa Uganda walitajwa kwa nguo za magome ya mutuba, ambao nao huvuliwa gome majira ya mvua, ukafungwa majani ya mgomba, ukaota gome jingine. Kwa Wasakha lilitajwa neno, kwa Waganda likatajwa gome. Wala siwalaumu, orodha lazima itaje kitu. Ila msimulizi wa olonkho alisimulia usiku wa baridi katika nyumba ya watu wa maziwa, na masikio yaliyosikiliza ndiyo ya waliokamua. Kutenganisha mikono na masikio ni kazi ya makarani.

Olonkho yenyewe inatufundisha kuhusu kuhama. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwandishi Platon Oyunsky aliiandika olonkho ya Nyurgun Bootur, mistari zaidi ya 36,000. Alitoa kitu cha mdomo akakitia kwenye karatasi. Je, huko si kumimina? Hapana: Oyunsky alikuwa mshairi na alizijua olonkho tangu utotoni, kwa hiyo alishona upya kwa uzi alioufahamu. Mwaka 1939 alifia gerezani wakati wa utawala wa Stalin. Alichokishona kimebaki.

Tena gome hili lina undugu na sisi waandishi moja kwa moja. Julai 1951, huko Novgorod, magharibi ya Urusi, maelfu ya kilomita kutoka Sakha, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua barua iliyokwaruzwa kwenye gome la mbetula. Hadi sasa zimepatikana zaidi ya 1,000: madeni, posa, ugomvi wa nyumbani. Zipo hata za mtoto wa karne ya 13 aitwaye Onfim, aliyekuwa akijifunza herufi akachoka akachora watu na farasi. Udongo ule umejaa maji na hauna hewa, na gome lenyewe haliozi upesi. Ubora ule ule unaolinda maziwa ndio uliolinda maneno.

KWETU SISI

Basi vijana wenzangu, nisiwachoshe. Nayachukua mambo matatu kwa mshona magome, na kila moja linaniuma mimi kwanza.

La kwanza, majira. Kuna kitu unakiona leo na kina maji yake. Ukikiandika kabla hakijalegea utararua. Ukingoja mpaka kila mtu amekizungumza, kimeshika. Dada yule alileta shairi lake Juni yake. Sisi tukamwambia arudi Desemba.

La pili, kina cha kisu. Tunaandika juu ya mama zetu, majirani, wapenzi waliotuacha. Tunabandua watu walio hai. Chukua gome la nje, ujue kwamba hata hilo litaacha kovu. Lakini usizungushe kisu mpaka ndani ili upate hadithi ya kupigiwa makofi. Shairi la kwanza la dada lilimwacha mama yake amesimama, anauza uji wake. La pili, lile nililoliagiza mimi, lilimchukua mzima mzima likamfanya mfano wa uvumilivu. Na sote tukapiga makofi.

La tatu, mshono. Mhakiki akikutana na kazi yenye mistari iliyokatika, asikimbilie kuuliza kama imekatika kinyume cha kanuni. Aulize: mkato huu unazuia nini kisimwagike? Kama jibu ni "hakuna", aseme hivyo bila huruma. Kama mkato ule ni mwanamke anayegeuka kumkinga mtoto na uji wa moto, basi akae kimya asikilize. Swali hilo ni gumu kuliko kuhesabu mizani, halijibiki kwa jedwali la fani na maudhui, na mtihani wa taifa hautakupa alama kwa hilo. Lakini sisi hapa hatufanyi mtihani.

Mwisho nina ombi. Dada, kama toleo hili litakufikia, na nimemwomba kila ninayemjua anayeshukia kituo kile alipitishe, sikuombi unisamehe mbele ya kadamnasi. Naomba lile shairi la kwanza, kama hukulichana. Lilete kama lilivyokuwa, na mistari yake ya neno moja. Safari hii sitanyoosha mkono. Na kama umelichana, basi mwambie mama kwamba kuna mjinga mmoja aliyekuwa na kikombe kikubwa mno mkononi, akashindwa kuuona uji.